Siagi Avunjika Mgongo Juu ya Godoro

Siagi aliitwa Siagi kwa sababu ulimi wake uliteleza popote, na mikono yake haikushika kitu kizito. Alikuwa mpakiaji kwenye karakana ya magodoro, ingawa wenzake walisema cheo chake halisi ni msimamizi wa kivuli.

Asubuhi moja, akiwa amejibanza nyuma ya rundo la sponji, akamsikia mwenye karakana, waliyemwita Bi Sponji, akimfokea msimamizi wa kweli.

"Mtu akiumia akifanya kazi yangu, matibabu na fidia ni juu yangu. Akiumia kwa mchezo, kwa ulevi au kwa mambo yake binafsi, shauri yake!"

Fidia! Kulipwa kwa kulala! Kipaji hicho Siagi alizaliwa nacho.

Mchana wenzake wakicheza mpira uani, akajitupa chini na kukumbatia goti.

"Nimekwisha! Nimeumia kazini!"

"Kwani nilikuajiri uwe golikipa?" akauliza Bi Sponji, akapita.

Kesho yake akaja anachechemea. Eti ameteguka akitoka kitandani kuwahi kazi.

"Kitanda ni cha nani?"

"Cha mke wangu, bosi."

"Basi kamdai mkeo."

Ikabaki njia moja, tena ya kutisha: kufanya kazi. Siagi akajitwika godoro. Karakana nzima ikasimama kushuhudia muujiza. Akapiga hatua, akayumba, akaanguka kwa ustadi mkubwa, juu ya godoro lenyewe.

"Mgongo! Mgongo wangu, jamani!"

Binamu yake, mpakiaji mwenzake na shahidi aliyeahidiwa fungu la fidia, alikuwa ameanza kulia kabla Siagi hajafika chini.

Bi Sponji akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Hili ni la kazini, sibishi. Pole, mwanangu. Usitikisike mpaka daktari aje."

Akaamuru alazwe kwenye godoro jipya, dirishani mwa duka lake, mbele ya barabara. Wapita njia wakajazana.

"Kavunjika mgongo," Bi Sponji akawaeleza kwa huzuni. "Tumempa godoro letu bora. Tumwombee."

Siagi akafumba macho, akaanza kuitumia fidia kichwani. Alikuwa amefika kwenye viatu vya pili nyigu alipoingia ndani ya suruali yake.

Mgonjwa aliruka juu, akavuka kaunta, akacheza ngoma ambayo haijapata mpigaji. Mama mmoja barabarani akapaza sauti:

"Godoro limemponya!"

Watu wakavamia duka. Magodoro yakaisha mpaka yale yenye madoa. Bi Sponji akamvuta Siagi pembeni, akanong'ona:

"Umepona, au hukuumia kabisa? Chagua, kabla sijamwita askari."

"Nimepona, bosi."

"Alhamdulillahi! Aliyepona halipwi kwa kulala. Wateja wanataka mizigo yao nyumbani."

Basi Siagi akabeba, safari hii kweli. Alibeba mpaka jua likamwonea huruma. Kwenye ngazi za bibi mmoja mstaafu, mgongo ukalia *kaa!* kama ukuni mkavu.

"Nimeumia! Wallahi safari hii kweli!"

"Aisee," binamu yake akasema, akishusha upande wake wa godoro, "hii sasa ni ya kazini haswa. Fidia yako halali kabisa."

"Kamwambie bosi, ndugu yangu! Kimbia!"

Binamu hakukimbia. Alitazama barabarani, kila mlango ukipokea godoro lake. "Nikamwambie nini? Kwamba mgongo umevunjika tena, godoro halikuponya? Wateja wote hawa watatutwanga sisi kwanza."

Bibi akatoka, akamtambua mara moja. "Si yule wa dirishani huyu? Wanangu, njooni upesi, msije mkasimuliwa!"

Wakamlaza Siagi taratibu juu ya godoro, wakavuta viti, wakamzunguka familia nzima na majirani, wakasubiri aruke.