Jani la Sombe Kifuani

Jumatatu, 7 Julai

Nimeoa! Najua, niliandika hivyo jana na juzi pia. Lakini kila nikiamka namkuta Odile pale pale, amejifunika kitenge mpaka puani kwa ajili ya baridi ya Julai, na mimi nashangaa upya. Hata chafya anapiga kwa adabu.

Jambo moja tu linaitia doa furaha yangu. Jana tulikwenda kula kwa mama yake, Mama Christiane. Kwa heshima ya buko, yaani ya ukwe, mkwe hali mbele ya mama wa mkewe mpaka mama mwenyewe amfungulie sahani: ampikie kuku, aketi mbele yake, wale wote wawili. Mimi bado. Nikawekewa kigoda nyuma ya jiko, mimi na bukari yangu, ugali wetu wa muhogo, na kuku mweupe aliyenitazama kila tonge. Ndani, Norbert anacheka. Huyu ndiye mume wa Chantal, dada mkubwa wa Odile. Yeye alifunguliwa sahani zamani. Akatoka kunawa mikono, akaniuliza kama rafiki yangu mweupe ameshiba.

Nikavumilia. Kisha Odile akaniletea maji, macho yamelowa. Akasema tonge halimpiti kooni akijua mimi niko nje peke yangu.

Basi! Nimefikiri asubuhi yote, na nimepata. Desturi ni ya nyumbani. Mchangani kando ya ziwa hakuna nyumba. Hakuna mlango, hakuna ukuta, hakuna nyuma ya jiko! Jumapili nitaipeleka familia yote matembezi. Tutacheza mpira, tutachoma samaki wetu, mikebuka, na njaa ikibana kila mtu atakula alipo. Odile ameniomba nisubiri tu, kwamba mama yake hasukumwi, huamua polepole. Nikambusu kwenye paji la uso. Mpenzi wangu hana akili ya mipango.

Jumanne, 8 Julai

Kikwazo. Mama Christiane amejibu kupitia kwa Odile, maana mimi na yeye bado tunaongea kama watu waliotenganishwa na mto. Anasema upepo wa Julai pale ziwani unaingia kifuani na hautoki. Bila nguo nzito haendi.

Norbert, ambaye anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Kabimba na amepewa jaketi nene la kazini, papo hapo akajitolea kumwazima. Jaketi lake! Mama akamshukuru mara mbili. Nilihesabu.

Nitawavisha wote. Mama, Chantal, watoto, hata Norbert. Kwa bei ya mtu mwenye akili.

Jumatano, 9 Julai

Ushindi! Sokoni, Mama Falone wa mitumba alikuwa na balo dogo lililobaki, furushi la nguo lililokazwa kwa kamba. Balo halifunguliwi kabla ya kununuliwa, hiyo ndiyo sheria yao. Nikalibonyeza. Laini. Nikalinusa. Sufu! Nikalichukua kwa kubadilishana na redio yetu. Ndiyo, ile tuliyochezea muziki jioni ya kwanza. Niliporudi bila redio, Odile akasema basi tutaimba wenyewe. Mke gani huyu!

Tukafungua. Sweta tupu! Kubwa, za kati, ndogo. Zote za aina moja: rangi ya udongo, na kifuani jani kubwa la njano lenye vidole. Nikakumbuka somo la jiografia, kwamba Ulaya kuna majira ya otoni, miti inageuka njano na kupukutisha majani, na watu wanatoka na watoto wao kwenda kuyatazama. Nikamweleza Odile kwa mikono yote miwili. Akalitazama jani, akauliza kwa nini wazungu wamejichora sombe. Kweli, ni jani la muhogo lile lile! Tulicheka mpaka akakaa chini.

Akachagua moja yake na moja yangu, akatenga na za watoto wa Chantal. Akasema sisi wawili tutafanana kama njiwa. Ningeruka mpaka darini, kama kungekuwa na dari.

Sikumwambia kwamba nimetenga na ya Mama. Nataka aone mwenyewe, familia nzima imevaa sare, kama kwenye arusi yetu. Pale wote walishona kitambaa kimoja cha bluu, ila Mama Christiane peke yake alichagua kijani. Nadhani hapendi bluu. Sina wa kumuuliza. Mjomba aliyenilea kule Kiambi hakuoa, na mambo ya buko najifunza nikiwa njiani.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemkuta Norbert barabarani. Kwa kuwa mimi siwezi kumkabidhi Mama kitu mkononi, nikampa yeye mfuko wenye ile sweta. Akachungulia ndani. Akauliza kama na mimi nina sweta kama hii. Nikamwambia ndiyo, ile ile! Akakunja uso, kisha akatabasamu vizuri sana, akasema atampelekea Mama leo leo kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa namdhania vibaya. Ni ndugu kabisa.

Jumapili, 13 Julai

Niandike haraka kabla sijafa kwa aibu.

Tulitangulia mchangani, karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Asubuhi nzuri mno! Upepo, mawimbi madogo, watoto wanakimbiza mpira, majani ya njano yanaruka huku na huku. Odile ndani ya sweta yake, mikono imepotelea kwenye mikono mirefu. Nikawasha moto. Nikapanga samaki. Norbert akaketi juu ya jiwe na jaketi lake, akiangalia barabara kama mtu anayesubiri mechi ianze.

Pikipiki ikafika. Mama Christiane akashuka na kikapu, amejitanda kitenge cha kijani. Akatembea mpaka karibu na moto. Upepo ukapuliza. Kitenge kikafunguka.

Jani!

Mimi jani. Yeye jani. Tumesimama tunatazamana. Wanawake waliokuwa wakifua nguo pale karibu wakaona, na mmoja akapaza sauti:

“Ee, bibi arusi na bwana arusi, pongezi! Lakini bwana, mbona umeoa mukubwa hivi?”

Wakapiga vigelegele! Wote!

Mama akaketi mchangani kama gunia lililoshushwa. Akasema, si kwa Odile, bali kwangu mimi mwenyewe, maneno yake ya kwanza kwangu tangu arusi:

“Sasa mimi njo muke yako?” Yeye ndiye mke wangu!

Odile akaweka mikono kichwani. Akaninong'onezea kwamba mkwe na mama wa mkewe hawavai nguo moja kamwe. Nguo moja ni ya mtu na mkewe. Kumbe ndiyo maana ya kile kijani cha arusini! Norbert alikuwa ameanguka kutoka kwenye jiwe, analia kwa kucheka. Chantal akampiga kwa kandambili, akamuuliza kama alijua. Akazidi kucheka.

Nikaona nivue haraka. Shingo ya sweta ni ndogo. Ikanasa kichwani. Nikarudi nyuma kwa heshima, bila kuona, mikono juu, nikahisi maji kwenye viatu, kisha kwenye magoti, kisha nikakanyaga jiwe lenye utelezi.

Ziwa letu mwezi wa Julai si la kuoga.

Waliponitoa nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Kisha Mama akavua kitenge chake cha kijani, akampa Odile, akasema:

“Mufunike mume wako. Na aje huku kwa moto, asitufie.”

Nikaketi upande mmoja wa moto, yeye upande wa pili, amegeuza uso. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka!

Akatoa hukumu kupitia Odile. Kosa la nguo moja lina faini: nilete jogoo. Na jogoo huyo ataliwa na mimi na yeye, ana kwa ana, aibu iishe.

Ana kwa ana! Nilikohoa ili nisipige kelele. Kikapu chake kikarudi nyumbani bila kufunguliwa.

Jumatano, 16 Julai

Nimekula! Ndani! Juu ya kiti! Mama Christiane mbele yangu, amevaa kijani, mimi shati jeupe ambalo Odile alilipiga pasi mara tatu. Mama akamega bukari, akanisogezea paja la jogoo wangu, akasema nile, mimi mwembamba kama ufito wa kiunzi. Odile alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani mwangu. Akala na yeye. Akamaliza sahani nzima.

Norbert alikuwa amewekwa nyuma ya jiko, kwa amri ya Mama, kwa kazi aliyofanya na ule mfuko. Kuku mweupe alikuwa naye. Nilipotoka kunawa nikamuuliza kama rafiki yake ameshiba.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi Odile ameniambia kitu huku akisuka nywele. Kile kikapu cha Jumapili kilikuwa na kuku aliyekwisha kupikwa. Mama alikuwa ameamua tangu wiki iliyopita kunifungulia sahani, pale pale mchangani, bila jogoo, bila sweta, bila mimi kuzama. Ningesubiri tu. Yule kuku aliliwa na Norbert jioni ile.

Akanishika mashavu, akaniuliza kama nimejifunza.

Nimejifunza sana! Mpango wangu ulikuwa na nguvu hivi kwamba ulifanya kazi hata kabla sijauanza. Nikamwambia hivyo. Akanibusu puani, akaanza kuimba, maana redio hatuna.

Nampenda mno. Bado baba yake mdogo kule Pepa, anayefuga ng'ombe, mzee mkali ambaye hakuja arusini na hajawahi kunisalimu. Pepa ni baridi kuliko hapa. Sweta kumi na moja zimebaki. Na Mama Falone ameniambia ana balo jingine dogo, kwa uzito anadhani ni suruali.

Halijafunguliwa. Naenda kulinusa.