Rubani Havai Miwani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari kubwa. Jael, binti wa dada yangu Muhonja, amekubaliwa katika chuo cha urubani Afrika Kusini. Familia inahitaji mshauri. Nani mwingine? Nilifundisha jiografia hapa Kakamega hadi nikastaafu. Mawingu nayajua kwa majina. Sijawahi kupanda ndege, lakini hilo ni jambo dogo. Hata mwezini sijafika, na mwezi nimeufundisha vizuri.

Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kuku watachinjwa. Imondo, yaani firigisi, hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Nimeanza kumsaidia msichana leo hii.

Jumanne, 4 Machi

Osiako ameingilia. Jirani huyu, mstaafu wa chuo cha kilimo, aliwahi kwenda Lusaka kwa ndege kwenye mkutano wa mahindi. Tangu hapo huzungumza kama aliyeiendesha. Amemwambia Jael asilipe karo kabla ya kupimwa na daktari wa marubani Nairobi, kwani wapo wanaolipa, wanafika ugenini, ndipo wanaambiwa hawafai. Aulize pia kama leseni ya huko itadai mitihani mingine akirudi nyumbani. Tena asikate tiketi ya kurudi mapema, maana hali ya hewa ikiharibika wanafunzi hawaruki na masomo hurefuka.

Porojo! Mimi nilimweleza mambo ya maana: sweta nzito, na namna ya kuwasalimu walimu wa kigeni. Nikaongeza sababu za ndege kutoanguka. Maelezo yalichukua muda. Muhonja alisinzia.

Alhamisi, 6 Machi

Hatari! Jael huvaa miwani. Ameivaa tangu shule ya msingi, ila leo ndipo nimefikiri. Rubani na miwani wapi na wapi? Msichana huyu hana ndoto nyingine. Tangu utotoni alikuwa akiacha jembe shambani kila ndege ndogo ilipopita. Daktari akimkataa, hakuna chuo, hakuna sherehe, hakuna imondo.

Nina mpango. Miwani itabaki nyumbani. Nimekwenda kwenye duka la miwani mjini, nikajifanya macho yananisumbua, nikakariri herufi zote za ubao wao, za juu hadi zile ndogo za chini. Muuzaji alinisifu kwa macho makali.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Jael anakariri herufi huku akisonga obusuma, ugali wetu. Aliuliza, "Mjomba, si ningemuuliza tu daktari kama miwani inaruhusiwa?" Nilimweleza kwa upole kwamba mtu akiuliza hujibiwa, na jibu laweza kuwa baya.

Jumatano, 12 Machi

Amerudi kutoka Nairobi. Balaa! Ubao wa daktari ulikuwa na herufi nyingine kabisa. Jael alisoma zangu, zote, bila kusita. Daktari akauliza, "Binti, unasoma ukuta gani?" Kisha akaona alama za miwani puani. Nusura amfukuze. Alisema anayedanganya kuhusu macho yake atadanganya kuhusu mafuta ya ndege.

Jael akalia. Akatoa miwani mkobani (Osiako ndiye aliyemwambia asisafiri bila hiyo!) na kueleza yote. Jina langu lilitajwa.

Kumbe miwani inaruhusiwa, mradi uone vizuri ukiivaa, na uruke ukiwa na nyingine ya akiba. Akapimwa upya: macho, masikio, moyo. Lakini daktari hakumpa jibu. Alisema ataufikiria kwanza ule uongo, atapiga simu.

Muhonja hanisemeshi. Jael amekaa jikoni, simu mkononi, chakula hagusi.

Ijumaa, 14 Machi

Simu imelia. Amepita! Muhonja alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia, nao walikuwa na sababu. Nimewakumbusha wote kwamba bila mpango wangu tusingejua kuwa miwani inaruhusiwa. Osiako alicheka hadi akashika ukuta. "Mwalimu, wewe ukiongoza ndege ya Kisumu, itatua kwenye mashamba ya miwa huku Matungu." Wivu.

Jumamosi, 15 Machi

Sherehe. Nilikaa mapema karibu na mahali pa sahani. Osiako akakaa mbele yangu. Muhonja akaleta ingokho, kuku wetu wa sherehe. Akanipita. Akampita Osiako pia, asante Mungu. Imondo akamwekea Jael!

Wazee walikohoa. Kwetu mwanamke hali imondo. Jael alirekebisha miwani, akaitazama. "Naiona vizuri kabisa, Mjomba," akasema. Akaila.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala vizuri. Mark, mdogo wake Jael, anataka kusomea ubaharia ng'ambo. Hajui kuogelea. Alitaka kukiandikia chuo aulize kama hufundisha. Nimemzuia kabla hajaharibu mambo. Tumeanza mazoezi nyuma ya nyumba, kwenye nyasi. Anapiga mikono vizuri sana.

Siku ya kumuaga yeye nitaisubiri imondo jikoni kabisa.