Vimeng'enya vya Nguruwe wa Kawe

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Nina hasira! Bi Felicitas, mwenye baa ya kitimoto Sinza, kaja Kawe kutafuta mfugaji mmoja wa kumpelekea nguruwe kila wiki. Kaanza kwa jirani yangu Apolinari. Kakaa huko weee! Kwangu kazungusha futi ya fundi cherehani kwenye kifua cha nguruwe mmoja, kasema hawa bado watoto. Watoto! Wakati wangu na wa Apolinari ni mimba moja, tuliwanunua pamoja! Atarudi mwezi ujao kuchagua. Apolinari alitabasamu. Lile tabasamu nitalifuta.

Alhamisi, 6 Oktoba
Silaha imepatikana. Semina ya wafugaji, Mwenge. Mtaalamu kaeleza habari za vimeng'enya: unga unaochanganywa kwenye chakula, unalisaidia tumbo la nguruwe kusaga pumba na kupata lishe ambayo kwa kawaida hutoka na kinyesi. Kila mtu kapewa pakiti. Alikuwa na maneno mengine mwishoni, lakini soda zilishaanza kugawiwa, nikawahi foleni; watu wa Kawe nawajua, wangezimaliza.
Nikafikiri: kama pumba zitasagika zote, dagaa wa nini? Mashudu ya nini? Nikabadilishana na Apolinari. Kachukua magunia yangu ya dagaa na mashudu, kanipa pumba. Kaniuliza kama nina hakika. Mjinga! Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika.

Jumamosi, 8 Oktoba
Nimechemsha pumba pamoja na ule unga kwenye pipa, mpaka mapovu. Mke wangu Yustina kauliza, "Baba Allen, pakiti si inasema usiweke kwenye moto?" Nikamwambia dawa isiyochemshwa ni vumbi tu. Kaichukua pakiti, kaenda kuisoma tena. Sipendi kabisa anavyonikagua.

Jumapili, 23 Oktoba
Wamekonda! Mbavu unaziona ukiwa barabarani. Wanalia tangu alfajiri. Mzee Mwishehe wa nyumba ya nyuma, aliyevumilia harufu miaka yote bila neno, leo kabisha hodi. Nikamwamkia shikamoo. Kaitikia marahaba, kasema harufu ameshaizoea, ila kilio cha njaa hawezi. Kiumbe ni kiumbe. Nikamjibu hawalii, wanacheza. Kaondoka. Nikaona aibu. Kisha hasira. Wote wananiona mie sijui kufuga! Nimeongeza unga. Na kuni.

Jumatano, 2 Novemba
Nimechungulia ukutani kwa Apolinari. Haramia! Kumbe naye alikuwepo semina, ana pakiti ileile! Anachanganya unga kidogo kwenye pumba kavu, pamoja na mashudu YANGU na dagaa WANGU. Nguruwe wake kama mapipa. Kaniona. Kasema kwa upole, "Jirani, moto unaviua vile vimeng'enya. Halafu haviongezi kitu ambacho hakimo kwenye chakula, vinasaidia kilichomo tu. Mtaalamu alisema mwishoni." Nikamwambia najua. Huo upole wake ndio unanichefua!

Jumamosi, 5 Novemba
Siku ya Bi Felicitas. Tangu asubuhi nikawanywesha nguruwe maji ya pumba ili waonekane wamevimba. Mpango safi. Wakasikia harufu ya dagaa ng'ambo ya ukuta. Wakavunja mlango wa banda! Wakanipitia mie, wakapita kwenye kamba ya nguo za Yustina, wakaingia kwa Apolinari na kulirukia hori la chakula. Bi Felicitas alikuwa amesimama palepale, futi mkononi.
Kauliza kwa ukali mbele ya watu, "Nani anatesa wanyama namna hii? Hawa ni wa nani?"
Apolinari kaniangalia.
Nikasema siwafahamu.
Apolinari kasema taratibu kwamba kama hawana mwenyewe, basi wabaki kwake wale kwanza. Bi Felicitas kampa yeye kazi ya kumpelekea nguruwe hapohapo. Mie nimerudi kwenye banda tupu. Nimelipiga teke. Mguu umevimba.

Jumapili, 6 Novemba
Yustina kanikasirikia tangu jana. Baada ya misa kaenda kwa Apolinari peke yake. Karudi, kakaa kwenye kigoda, kalia. Kasema wale nguruwe ndiyo ada ya shule ya mwanetu Allen, na mie nimewakana kama mbwa wa mtaani. Hilo lilinichoma.
Kisha kanieleza walivyopatana. Nguruwe watarudishwa. Apolinari atatuchanganyia chakula chao mpaka wanenepe, halafu wataenda kwa Bi Felicitas pamoja na wake. Sharti ni moja: nisiguse chakula. Nimekubali. Nimeapa. Nimekwenda hata kumshika Apolinari mkono, huku meno nimeyauma.
Sasa nimekaa nafikiri. Chakula kizuri vile, kila siku, kiishie kwa nguruwe peke yao? Nikiwapunguzia nusu tu, nafuga bata bila jasho! Nimeshaagiza bata Manzese, wanakuja kesho. Apolinari atanijua mie ni nani!