Mkutano Usio na Hotuba

Lyle Pacheco aliingia kwenye mkutano mkubwa wa teknolojia hapa San Francisco kwa mlango wa jikoni, kabeba sinia la donati utadhani mhudumu. Nia yake ilikuwa ndogo tu: kuzoa soksi za bure ambazo makampuni hugawa humo na kupata kifungua kinywa. Lakini kipaji cha utapeli hakina likizo. Ndani ya ukumbi mheshimiwa mmoja alikuwa anahutubia viti vitupu, na nje, koridoni, watu waliolipa dola elfu mbili kila mmoja wamekaa chini kwenye zulia, wamezunguka soketi za umeme, wanapiga soga.

"Kaka, mbona hamko ndani?" akamwuliza kijana mmoja mwenye kizibao, jina lake Tanner.

Tanner akamcheka kwa huruma. "Hotuba utazikuta mtandaoni bure wiki ijayo, mzee. Sisi tunakuja kwa ajili ya korido. Hapa ndipo unapokutana na watu wa maana."

"Kwa hiyo ile elfu mbili ni ya korido?"

"Ukiangalia sana, ndiyo."

Lyle akaweka sinia chini. Siku zote aliota kununua gari la kuuzia taco, zile chapati za Kimeksiko za kukunja na nyama, aegeshe ufukweni, aachane na utapeli aishi kama binadamu wengine. Sasa aliliona gari hilo kabisa, mpaka rangi yake.

Hoteli ya jirani ilikuwa na ghorofa inayokarabatiwa. Meneja alishangaa kukutana na mtu anayetaka kukodi korido bila vyumba, akampa kwa bei ya kutupa. Kesho yake bango likapanda: KORIDO, MKUTANO PEKEE USIO NA HOTUBA. Tiketi, dola elfu tatu.

"Mbona ghali kuliko ule mkubwa?" Tanner akauliza, simu ya kulipia tayari mkononi.

"Ule umejaa takataka, kaka. Viti, hotuba, wataalamu. Sisi tumeondoa kila kitu. Unajua gharama ya kuondoa?"

Tanner akaitikia kwa heshima, akalipa. Wenzake nao wakalipa. Wenye uwezo zaidi waliuziwa nafasi za karibu na soketi, na matajiri kabisa wakapewa mahali patukufu, mbele ya mlango wa choo, ambapo hata bosi mkubwa lazima apite. Kufika mchana hapakuwa na pa kukanyaga. Kila mtu anamtafuta mtu wa maana, na kila anayempata anakuta naye anamtafuta mtu wa maana. Nasema kweli, sijaona watu walioridhika vile.

Mmoja tu hakuhangaika: mama wa makamo aitwaye Odette Lindqvist, kakata tiketi yake, kavaa raba zilizochakaa, kaegemea ukuta. Hakugawa kadi wala hakujisifu. Hapa mjini kwetu, anayevaa raba chakavu na kunyamaza huhesabiwa tajiri wa kutisha. Lyle akajikuta anamnyemelea.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu, mwanangu, nimeshakipata." Akapapasa ukuta. "Korido hili nalitaka katika miji kumi. Fedha ninazo. Ila wenzangu hawatoi chao mpaka mwenye wazo atangulize chake, na mimi jioni naruka kwenda Toronto. Basi usijisumbue, huenda huna ubavu huo."

"Mimi? Sina ubavu?"

Kwa maneno hayohayo Lyle alikuwa ametapeli watu wangapi! Safari hii hakuyatambua. Akamhamishia makusanyo yote, mpaka hela ya soketi. Wakapeana mikono, Odette akaifuata lifti bila haraka.

Jioni Lyle akapiga namba aliyoachiwa, aulize wataanza na mji gani. Ikapokewa na daktari wa meno wa Sacramento, asiyemjua Odette wala korido. Akapiga tena, daktari akamtukana. Ndipo akakaa chini kwenye zulia, nusura alie. Gari la taco lilikuwa limeondoka na raba chakavu.

Tanner akaja kukaa pembeni yake, wivu umemjaa usoni.

"Mzee, nimeshuka lifti moja na yule mama. Nikamwuliza, hivi kweli hizi tiketi zina thamani ya hela yetu? Akaniambia hajawahi kuhudhuria mkutano uliomlipa kama huu. Mimi nimeambulia kadi tu. Mwenzangu kafanyaje?"

"Kakutana na mtu wa maana," Lyle akasema.

"Nani huyo?"

"Mimi."