Maneno Arobaini Juu ya Majani Chai

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jumamosi ni sherehe ya shukrani. Binti yangu Chemutai amemaliza uuguzi, na mimi ndiye nitakayewashukuru majirani. Nilipovunjika mguu mwaka juzi walinichumia chai miezi minne, na hakuna hata mmoja aliyenikumbusha. Shukrani kama hii inataka Kiingereza kizito! Muriuki wa agroveti, lile duka la pembejeo, alihutubia hivyo kwenye harusi ya mwanawe, na mpaka leo anasalimiwa kama mbunge. Nimenunua kamusi Kericho. Maneno arobaini yatamfunika.

Jumanne, 5 Agosti

Neno linaingia asubuhi, mchana limetoka. Mpango mpya: kila neno kikaratasi chake, kila kikaratasi juu ya mti wake wa chai. Nasoma huku nikichuma. Mke wangu Rodah ameuliza kama niko sawa. Niko sawa kabisa! "Magnanimous" iko karibu na choo.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Nilisahau kuvitoa. Rodah na wenzake, mikono yao ilivyo mbio, wamechuma majani mawili, chipukizi na Kiingereza. Kituoni, tunakopimia chai, Tecla, karani wetu, aliona karatasi akasema hapimi kitu mpaka nisafishe. Na lori la kiwanda liko njiani! Wa kwanza kupiga magoti kuchambua majani alikuwa Muriuki. Halafu kituo kizima. Aliyepata kikaratasi alikisoma kwa sauti, wote wakaitikia, wakicheka hadi machozi. Tulimaliza lori likikata kona. Nawapenda sana watu hawa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilisimama na suti. Neno la kwanza likapotea. Nikatazama viatu. Tecla akanitupia "indefatigable" kutoka nyuma. Muriuki akaongeza "magnanimous". Basi hema zima likanitajia maneno yangu mwenyewe, yote arobaini! Mimi niliweza kusema kongoi tu, asante ya kwetu. Kongoi, jamani. Kongoi. Chemutai akalia, nikalia, Muriuki akanipa leso yake.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani wote wamenishika mkono. Wanasema ile kongoi iliwafika moyoni. Wananionea huruma tu. Kilichowagusa ni Kiingereza. Muriuki, Mungu ambariki, ameniazima kamusi yake kubwa. Krismasi nitawashukuru kwa maneno mia moja! Na kosa nimeshaligundua. Safari hii vikaratasi nabandika kwenye ng'ombe. Ng'ombe hachumwi.