Bingwa wa Mwisho wa Mkanda wa Ziwa

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nimeanza kuandika historia ya Mkanda wa Ziwa, ubingwa wa mieleka wa Bukavu na Uvira mpaka vita vya 1996 vilipoufuta. Sura ya kwanza: mimi, Cirhuza, bingwa wa mwisho. Sura ya pili bado. Jumamosi ijayo nitaisoma kwenye ukumbi wa kanisa letu, Fairfield, hapa Sydney. Mke wangu Ketsia ameuliza kama nitataja pia mapambano niliyopigwa. Kitabu hakina nafasi.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya ibada Égide, mpinzani wangu wa zamani ulingoni, kanifuata. Anakaa Toongabbie, anaendesha foklifti, tumbo linamtangulia. Amedai bingwa wa mwisho ni yeye. Eti alininyang'anya mkanda Uvira, Agosti 1996. Nimemwambia refa alikuwa shemeji yake. Akasema refa wangu alikuwa baba yangu mdogo. Watu wakasogea kusikiliza. Nikaenda kutafuta chai.

Jumanne, 6 Mei

Mama Anésie, mjane wa promota wetu, anakaa Parramatta na daftari la matokeo la marehemu bado analo. Nikaomba ruhusa kazini: jino. Nikasinzia kwenye treni. Nikaona ulingo wa mbao kando ya ziwa, ukungu ukipanda, ngoma ikilia polepole, nami naelea juu ya kamba, sishuki. Watu wananitazama kimya kama wanaotazama mwezi. Kuamka, Parramatta nimeipita vituo vitatu.

Kwa Mama Anésie nikamkuta Égide na kikombe mkononi. Naye kazini kwake amesema jino.

Daftari likafunguliwa. Februari 1996, Cirhuza amshinda Égide, Égide aliteleza. Agosti, Égide amshinda Cirhuza; Cirhuza aliteleza. Oktoba, mstari wa mwisho kabisa: Nsimire amshinda Égide. Hakuna aliyeteleza.

Nsimire, dada yule mwanamieleka wa mtaa wa Kadutu, Bukavu. Nikamtazama Égide. Yeye akatazama dirisha. Miaka ishirini na tisa hajasema neno. Siku nzuri sana.

Alhamisi, 8 Mei

Nsimire naye yuko hapa Sydney, anahudumia wazee. Mimi na Égide tumemkuta wakati wa mapumziko yake, kwenye benchi, na sare yake ya kazi. Nikaomba kuuona mkanda. Nia yangu ilikuwa kuuazima.

Akasema alikimbia vita nao kiunoni, chini ya kitenge. Njiani mabinti zake wawili walikuwa pekupeku. Akaukata kwa kisu, ikatoka ngozi ya ndala, jozi mbili. Wakafika kambini Tanzania wakitembea.

"Ule mkanda ulitembea kuliko ninyi wote wawili, kaka zangu," alisema.

Égide akavua kofia. Kwenye treni nikasinzia, ziwa likanijia tena, tupu safari hii, na watoto wawili wakilizunguka bila sauti.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeisoma historia. Bingwa wa mwisho: Nsimire. Vigelegele havikwisha. Mabinti zake, watu wazima sasa, walilia. Mimi pia, kidogo.

Jumapili, 11 Mei

Nimefikiri. Kama bingwa yu hai, ubingwa haujafa, unaweza kugombewa. Nimempigia Nsimire kuomba pambano mwezi wa Juni. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Ketsia amenishauri nimwombe radhi mapema, kabla hajaniangusha. Haelewi mchezo. Yule mama ana miaka hamsini na sita, na kila siku anainua wazee wa kilo tisini kutoka kitandani. Mikono ya mtu kama huyo lazima imechoka.