Kamera ya Mama Mukwe

Siku ya kazi moja, tarehe 6 Oktoba 2025
Anaclet ndugu yangu, salamu katika Bwana. Afya namna gani huko Sakania? Lile goti? Sisi wazima, asante Mungu. Nitaandika kila siku katika daftari hili, kisha nikutumie. Usionyeshe muntu.
Habari kubwa! Mama mukwe wangu, Mama Ngalula, amefika. Analala juma moja katika chumba chetu cha nyuma. Siku ya Mungu, kisha Misa, atasema atazeekea kwa nani: kwetu hapa Kasapa, ao kule Ruashi kwa Donat, bwana ya mudogo wa Brigitte wangu. Donat! Muntu wa kusinzia kwenye mahubiri. Lazima nishinde.

Kazi mbili, tarehe 7
Nimeuliza Brigitte mama yake anahitaji nini. Lampe, akasema, umeme ukikatika hata ndoo haioni. Nimeuliza Keren wetu, miaka tisa. Naye: lampe, papa, ya kusomea. Lampe! Bantu wangu hawaoni mbali.
Nimenunua kamera. Inaleta chumba chote ndani ya telefone yangu, hata kusema inasema: ukiongea huku, inasikika kule. Muzee akianguka, nitajua palepale. Mimi siwezi kuingia kwa mukwe wala kumutazama, unajua desturi yetu, basi Keren ndiye alipanda kiti, akaiweka nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Heshima kwanza.

Kazi tatu, tarehe 8
Donat amekuja. Akasalimia akigeuza uso, akaacha zawadi mulangoni. Lampe ya jua, yenye redio! Nimecheka mpaka nikakohoa. Sasa mama anafuata rozari ya redio, Keren anafanya hesabu pembeni. Wanaridhika na kidogo, maskini.

Kazi ine, tarehe 9
Mungu wangu!
Asubuhi nimefungua telefone. Mama ameketi, hana kitambaa kichwani, anapaka mafuta miguuni. Miaka ishirini na mbili ninamusalimia kwa mugongo, leo nimeona nywele! Nikataka kufunga haraka. Kidole kikagusa pa kusema. Basi nikasalimia, adabu ni adabu: Mama, umeamka muzuri?
Akapiga magoti mbele ya sanamu. Akasema: Ndiyo, Bwana, ninasikiliza.
Nikamwambia hapana mama, ni mimi, Paulin.
Yowe lile! Majirani walikuja na fimbo, wakanitafuta chini ya kitanda chake. Mimi nilikuwa sebuleni, na pijama.

Kazi tano, tarehe 10
Kikao cha familia. Mama aliketi nyuma ya pazia, akamutuma Brigitte aniambie kwamba Mungu anamuona, anatosha. Nilijitetea: sikuingia, hata mguu mumoja. Brigitte akauliza: na macho, uliyaacha inje?
Faini: mbuzi. Donat akajitolea kumuchagua. Amechagua ule munene kupita yote. Amekula mara mbili.

Siku ya Mungu, tarehe 12
Mama amehamia Ruashi. Lampe amebeba. Keren amelia, nusu juu ya nkambo wake, nusu juu ya lampe. Brigitte ananitumia maneno kupitia mutoto, kama vile na yeye ni mukwe wangu.
Nimesali sana, nimeona kosa langu. Kosa ni picha! Desturi inakataza macho. Juu ya masikio haisemi kitu. Anaclet, huko kwenu kwenye mupaka vinapita vyombo vya kila namna. Nitafutie kimoja cha kusikia tu, kidogo, cha kuenea ndani ya ile lampe ya mama.
Nijibu upesi.